Mkono Uliomshinda Galen

Sogeeni, wajukuu zangu, mtazame mkono huu wa kizee. Mnaona mishipa ilivyochomoza? Haya, wewe, bonyeza huu hapa karibu na kifundo cha mkono, wala usiachie. Kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kwenye kiwiko mpaka ukipite kile kinundu kidogo, kisha inua kidole hicho cha juu. Umeona? Mshipa umenywea. Damu imejaa tele juu ya kinundu, lakini hairudi chini. Sasa inua na cha chini. Umejaa papo hapo, kutokea chini!

Mchezo huu una karibu miaka 400, na ulimwangusha mtu mkubwa.

Naye ni Galen, daktari wa Kigiriki aliyewatibu watawala wa Roma katika karne ya 2. Alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, kisha damu hiyo huenda viungoni ikaishia huko huko, kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Madaktari wa Ulaya waliyashika maneno hayo kwa zaidi ya miaka 1,300. Msimcheke. Kabla yake wapo waliodai kuwa ateri, mishipa itokayo moyoni, zimejaa hewa, na ni yeye aliyeonyesha kuwa zina damu.

Mwingereza mmoja, William Harvey, alihitimu udaktari mjini Padua, Italia, mwaka 1602. Huko profesa Fabricius aliwaonyesha wanafunzi vali ndani ya vena, vijilango vidogo ambavyo ndivyo hivyo vinundu vya mkononi. Profesa alidhani kazi ya vijilango hivyo ni kuipunguza damu kasi isijazane miguuni. Harvey akajiuliza: mbona vyote hufungukia upande wa moyo?

Akapiga hesabu. Nasi tuipige, kwa vipimo vya leo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma mililita 70 hivi kwa kila pigo, na hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Hizo ni karibu lita 5 kwa dakika, yaani lita 300 kwa saa. Ini gani litaweza kutengeneza damu yote hiyo, na kwa sahani ngapi za ugali? Mwili mzima una lita 5 hivi tu. Basi damu haiishii viungoni, inazunguka. Harvey akayaeleza hayo katika kitabu cha Kilatini kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1628.

Tuifuate. Inatoka upande wa kushoto wa moyo kwa aota, ateri kubwa kuliko zote, yenye upana wa karibu sentimita 3. Aota hupanda kidogo, ikajipinda, na penye pindo hilo hutoa matawi ya kichwa na mikono. Kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo ikigawia tumbo na figo damu, na usawa wa kitovu hugawanyika, tawi moja kwa kila mguu. Kurudi, damu ya chini hupanda kwa vena kava ya chini, ya kichwani na mikononi hushuka kwa vena kava ya juu, zote mbili zikimwaga upande wa kulia wa moyo. Kutoka miguuni ni mlima! Misuli ya shavu la mguu ndiyo huikamua vena unapotembea, na vali huzuia damu isirudi. Askari anayesimama wima gwarideni bila kuchezesha miguu huweza kuzirai.

Michoro ya darasani hupaka vena rangi ya bluu. Damu ya binadamu haiwi bluu kamwe. Ikipungukiwa oksijeni huwa nyekundu iliyokolea. Na mtihani hupenda kuwatega hapa: ateri ya mapafu hubeba hiyo iliyokolea kutoka upande wa kulia wa moyo hadi mapafuni, vena za mapafu zikarudisha iliyong'aa upande wa kushoto. Tazameni mwelekeo, msitazame rangi. Ateri hutoka moyoni, vena huingia.

Kitu kimoja Harvey hakukiona: damu huvukaje kutoka ateri hadi vena? Alifariki mwaka 1657. Mwaka 1661 Mwitaliano Marcello Malpighi, akichunguza mapafu ya chura kwa hadubini, akatangaza kuwa ameviona vijishipa vinavyoziunganisha, vyembamba mno kwa jicho tupu. Ndizo kapilari.