PARACHICHI BORA: JINSI YA KUTAMBUA LILILOKOMAA NA KULITUNZA LISIHARIBIKE

Wiki hizi mbili simu yangu imekuwa haitulii, na karibu kila anayepiga ana swali lilelile: "Bwana shamba, haya ya kwangu yameshafaa kuchumwa?" Swali hili huja kila mwaka, mara tu fuso la kwanza la dalali linapoonekana kijijini. Leo nataka kulijibu kwa urefu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na jibu langu likamtia hasara mama wa watu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, huku huku Njombe. Mama mmoja wa kikundi nilichokuwa nakihudumia alikuwa na miti ya Hass isiyofika mia, ndiyo kwanza imeanza kuzaa vizuri. Mtoto wake alitakiwa kuripoti shuleni na ada haijatimia. Dalali akaja na hela mkononi. Mama akanipigia, nikawasha pikipiki nikaenda. Nikayaangalia matunda: makubwa, yanajaza kiganja, yanavutia. Nikamwambia, "Mama, haya tayari." Sikupasua hata tunda moja. Sikupima chochote.

Yakachumwa siku hiyohiyo. Siku ya tatu mzigo ukarudi. Kule kwenye kituo cha kufungashia walipima wakakuta matunda hayajakomaa. Dalali akayamwaga uwanjani kwa mama na kudai hela yake, wakati hela yenyewe ilishaenda shule. Mama akajaribu kuyavundika auze hapa hapa mjini. Yakasinyaa kama ngozi ya kiatu cha zamani, mengine yakaoza upande mmoja huku upande wa pili ni mgumu. Mwisho yakaliwa na nguruwe.

Nilipokwenda kumwona hakunigombeza. Alinimiminia chai, tukakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Mimi nilikuamini." Ningefurahi kama angenifokea. Tangu siku hiyo simwambii mtu "chuma" kwa kutazama tu kwa macho.

Basi tuanze.

KUKOMAA SIYO KUIVA

Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Ndizi, embe na papai unaweza kuziona zinaiva juu ya mti. Parachichi haliko hivyo. Parachichi linakomaa mtini lakini linaiva likishachumwa. Ukiliacha mtini litabaki gumu hata wiki nyingi baada ya kukomaa. Ukilichuma, ndipo safari ya kulainika inaanza.

Tunda lililokomaa likichumwa, ndani ya siku 7 hadi 10 hivi kwenye joto la kawaida la nyumbani linalainika lote sawasawa, nyama yake inakuwa na mafuta na ladha. Kwenye baridi kama ya kwetu mwezi wa saba linaweza kuchukua siku zaidi. Tunda ambalo halijakomaa ukilichuma limeshaharibika, hakuna dawa. Litasinyaa shingoni, litakuwa kama mpira, likikatwa lina majimaji na halina ladha. Hata ulifunike na blanketi mwezi mzima, mafuta ambayo halikuyapata mtini halitayapata ndani ya gunia.

Faida yake ni kwamba mti wenyewe ni ghala lako la kwanza. Kama bei ya leo haikuridhishi na matunda yamekomaa, unaweza kuyaacha mtini kwa muda. Ila usizidishe. Yakikaa sana mti unachoka, maua ya msimu unaofuata yanapungua, na mbegu inaweza kuanza kuota ndani ya tunda.

JINSI YA KUTAMBUA LILILOKOMAA

1. Hesabu muda tangu maua. Andika kwenye daftari tarehe mti ulipochanua kwa wingi. Maeneo ya joto Hass huchukua kama miezi 6 hadi 8. Kwenye baridi huchelewa zaidi, hata kukaribia mwaka. Kwa hiyo usichume kwa sababu ndugu yako wa bondeni ameshachuma.

2. Angalia ngozi. Tunda changa linang'aa. Likikomaa mng'ao unapungua, ngozi inafifia. Kikonyo nacho huanza kugeuka kutoka kijani kibichi kwenda unjano.

3. Pasua matunda machache uangalie mbegu. Chukua matunda matano, kutoka miti tofauti na pande tofauti za mti. Kama ganda jembamba linalofunika mbegu bado ni jeupe, nene na lenye maji, subiri. Kama limekuwa jembamba, kavu na la kahawia, uko karibu.

4. Tikisa, kwa zile za kienyeji. Wazee wetu hutikisa parachichi kubwa la kienyeji, wakisikia mbegu inagonga ndani wanajua limekomaa. Ni kipimo kizuri kwa hizo, ila usikitegemee kwenye Hass.

5. Jaribu kuivisha. Hiki nakipenda kwa sababu hakina gharama. Chuma matunda matano hadi kumi, yaweke ndani mahali pa kivuli. Yakilainika yote bila kusinyaa, na ukionja yana mafuta, shamba lako liko tayari. Yakisinyaa, subiri wiki mbili urudie. Umepoteza matunda kumi, hujapoteza fuso zima.

Ukubwa peke yake si kipimo. Hilo ndilo kosa langu mimi. Pia mti mmoja unaweza kubeba matunda ya maua ya awamu mbili tofauti, lililokomaa na changa yakiwa tawi moja. Usipukutishe mti wote siku moja.

KIPIMO CHA UKAVU

Kama unauza nje, jua kwamba mnunuzi hatazami macho yako, anapima. Kinachopimwa ni kiasi kinachobaki baada ya maji yote kukauka kwenye nyama ya tunda. Jinsi parachichi linavyokomaa ndivyo maji yanavyopungua na mafuta yanavyoongezeka. Kwa Hass, kiwango cha chini cha kimataifa ni asilimia 21, na wanunuzi wengi hutaka 23 au 24. Kwa Fuerte kiwango cha chini ni asilimia 20.

Kikundi kinaweza kufanya chenyewe. Mnahitaji mzani mdogo wa gramu na maikrowevu au oveni. Menya tunda, toa mbegu na lile ganda lake, katakata nyama nyembamba sana au ikwangue. Pima gramu 100. Kausha kwa moto mdogo, kidogo kidogo, ukitoa na kupima. Ikianza kuungua umekosea, anza upya. Uzito ukiacha kushuka, soma mzani. Zikibaki gramu 23, basi ni asilimia 23. Zikibaki 17, mwambie dalali arudi mwezi ujao, hata kama amekuja na hela za kunukia.

UCHUMAJI

Parachichi bora linaharibikia zaidi mikononi mwetu kuliko kwa wadudu. Zingatia haya:

- Chuma asubuhi umande ukishakauka. Usichume kwenye mvua wala tunda likiwa limelowa, kwa sababu ngozi yenye maji hubadilika rangi na kupokea ukungu kwa urahisi.
- Tumia mkasi, acha kikonyo kifupi, chini ya sentimita moja. Ukinyofoa unaacha kidonda, na kidonda hicho ndicho mlango wa uozo unaoanzia kwenye kitako. Ukiacha kikonyo kirefu kitachoma tunda la jirani.
- Matunda ya juu tumia fito yenye mfuko na kisu. Usitikise mti. Tunda lililoanguka chini usilichanganye na mengine, hata kama halina alama. Michubuko ya parachichi inaonekana likishaiva.
- Kata kucha. Mnacheka, lakini mkwaruzo wa kucha unatosha kulishusha daraja.
- Weka kwenye kreti safi la plastiki, usijaze kupita mdomo. Kiroba na lumbesa siyo vyombo vya parachichi.
- Kreti likijaa, peleka kivulini. Tunda linaloachwa juani linapata joto na kuanza kuiva kabla halijafika barabarani.

KUTUNZA KABLA YA SOKO

Parachichi likichumwa bado linapumua. Joto likipanda linapumua haraka na kuiva haraka. Kwa hiyo kazi ya kutunza ni moja: kulipunguzia joto mapema, bila kuligandisha.

Kwenye chumba cha ubaridi, Hass gumu lililokomaa hutunzwa kwenye nyuzi 5 hadi 7 za sentigredi, na hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hivi. Hapo linaweza kukaa wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana linaweza kusafiri kwa meli mpaka Ulaya. Lakini ubaridi huo uanze mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo ya kuchuma. Likikaa siku tatu kijijini kisha ndiyo likaingie kwenye ubaridi, linaweza kufika limelainika.

Sisi wa vijijini ambao hatuna chumba cha ubaridi tunaweza kujenga kibanda cha mkaa. Unasimamisha kuta mbili za waya wa kuku, unaacha nafasi ya kama sentimita 10 katikati, unaijaza mkaa. Paa liwe la nyasi. Mkaa unaumwagia maji mara kwa mara, au unatoboa mpira upitishe juu yake matone. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa, ndani panapoa. Kinafanya kazi vizuri zaidi kipindi cha ukavu. Hakitafika nyuzi 5, lakini kinakununulia siku kadhaa za kutafuta bei.

Jambo jingine: usiweke parachichi pamoja na ndizi mbivu au maparachichi yaliyokwisha kuiva. Matunda mabivu hutoa gesi iitwayo ethilini ambayo inayaamsha mengine. Tunda moja lililolainika ndani ya kreti litayavuta wenzake wote.

KWA WEWE UNAYENUNUA SOKONI

Siyo wasomaji wangu wote wana mashamba. Ukiwa sokoni, shika tunda kwenye kiganja ulibonye taratibu na mkono mzima, upande wa shingoni. Usilibonye na kidole gumba, unamharibia mama muuzaji na mteja atakayefuata. Likibonyea kidogo ni la kula leo au kesho. Likiwa gumu ni la siku kadhaa mbele. Likibonyea kama uji, au ngozi imeachana na nyama, liache.

Rangi inasaidia zaidi kwenye Hass, ambalo huwa jeusi lenye uzambarau likiiva. Fuerte na nyingi za kienyeji hubaki kijani hata zikiiva, usizikatae.

Nyumbani, gumu liweke mezani, siyo kwenye friji. Friji ikiwa na baridi kali na tunda bado gumu, mara nyingi halitaiva vizuri na nyama inaweza kuwa ya kijivu. Ukiwa na haraka, lifunge kwenye mfuko wa kaki pamoja na ndizi mbivu. Ile gesi tuliyoikimbia ghalani hapa inakuwa msaada. Likishaiva, sasa liweke kwenye friji, litakusubiri siku mbili tatu.

Ulilokata, lipake ndimu au limao kwenye nyama, lifunike lisiingie hewa, na ulile mapema. Kuacha mbegu kunalinda pale tu mbegu ilipokaa. Na ule mtindo wa kulizamisha kwenye bakuli la maji uachane nao, vimelea vilivyo kwenye ngozi vinaweza kuzaliana humo. Osha tunda kabla ya kulikata, kwa sababu kisu hupeleka uchafu wa ngozi mpaka ndani.

MWISHO

Yule mama bado ana miti yake. Msimu uliofuata nilirudi na mzani wa kuazima, tukapasua matunda matano, tukakausha, tukapata 19. Dalali alikuwa amesimama getini. Mama akaniangalia mimi, akaangalia mzani, akamwambia dalali, "Kaka, bado. Njoo ukipenda baadaye." Haikuwa rahisi, maana shida hazina msimu. Tulipopima tena wiki kadhaa baadaye yalifika 24, na mzigo ule haukurudi. Leo kikundi chao kina mzani wake, na mtu akitaka kuchuma lazima apime kwanza mbele ya wenzake.

Najua wapo mtakaoniambia, "Bwana shamba, ada inadaiwa leo, siyo mwezi ujao." Naelewa. Ndiyo maana nashauri vikundi vianze kuweka akiba ndogo ya kukopeshana kipindi hiki cha kusubiri, ili mwenye shida asilazimike kuuza tunda changa. Mkopo mdogo utaulipa msimu huu huu. Tunda ukishalichuma changa, limekwenda hilo.

Kwa hiyo kabla hujanipigia kuniuliza kama yamefaa, chuma matano, pasua, angalia mbegu. Halafu nipigie uniambie umeona nini. Tutaamua pamoja.

Kila la heri na msimu mwema.