Kibao cha Dukani na Afya ya Mgonjwa: Yanayosimamiwa na Halmashauri Wilayani Kongwa

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma, akishaiacha Gairo nyuma, huingia Wilaya ya Kongwa na hatimaye hufika Kibaigwa. Mji huu mdogo umejulikana nchini kwa soko lake la mahindi, na msimu wa mavuno huwakutanisha wakulima, madalali, madereva wa malori na wapagazi, wengi wao wakiwa wageni. Mgeni wa namna hiyo akishikwa na homa hana jirani wa kumwelekeza kwa tabibu. Huinua macho akasoma vibao vilivyo barabarani: duka la dawa, zahanati, maabara, tiba asili. Kile atakachokisoma ndicho kitakachoamua mlango atakaougonga.

Kwa sababu hiyo kibao cha biashara, ambacho wengi hukiona kama jambo la mapambo na ushuru, kwa mgonjwa ni ushauri wa kwanza. Ni vema basi watoa huduma na wagonjwa wakajua nani anakiruhusu kibao kisimame, anapima nini kabla ya kukiruhusu, na ni jambo gani linaweza kupita bila kupimwa.

Mamlaka ya halmashauri ya wilaya yanatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982. Sheria hiyo huiruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo kuhusu mambo ya eneo lake: masoko, usafi, minada, ushuru na mabango. Sheria ndogo haitungwi kwa siku moja. Wataalamu huandaa rasimu, kamati na Baraza la Madiwani huijadili, wananchi hutangaziwa ili watoe maoni yao, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Akiiridhia, hutangazwa katika Gazeti la Serikali na ndipo hupata nguvu. Kijiji nacho kina uwezo kama huo kwa kiwango chake. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, hutoa maoni, na halmashauri ya wilaya huidhinisha.

Kibao kimoja kilichosimama Kibaigwa huweza kuwa chini ya ofisi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni yenye ardhi. Barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma iko chini ya TANROADS, na kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anayesimika nguzo ndani ya eneo hilo anahitaji ruhusa ya wakala huo, hata kama duka lake limelipiwa kila kitu wilayani. Barabara za wilaya, tangu mwaka 2017, zimekuwa chini ya TARURA.

Ofisi ya pili ni inayokusanya ada. Ada ya mabango ilikuwa chanzo cha mapato cha halmashauri hadi mwaka 2017, ilipohamishiwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 jukumu hilo lilirudishwa TAMISEMI. Kwa kawaida ada hiyo hukadiriwa kwa ukubwa wa bango: kadiri eneo lake linavyopanuka, ndivyo malipo yanavyoongezeka. Ofisi ya tatu ni ya afisa biashara, anayetoa leseni chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Leseni hiyo hupaswa kuwekwa mahali panapoonekana ndani ya biashara.

Ardhi, ada na leseni ni mambo ya haki, na bila hayo mji hugeuka msitu wa mabati na vitambaa. Lakini msomaji makini atagundua upungufu. Nguzo imepimwa umbali wake, bango limepimwa mapana na marefu, mfanyabiashara ametambuliwa. Maneno yaliyoandikwa juu ya bango hayajapimwa na yeyote kati ya hao watatu. Kwa kibao cha kuuza mabati au kushona nguo, pengo hilo ni dogo, kwa kuwa mnunuzi huiona bidhaa kabla ya kulipa. Mgonjwa haioni bidhaa anayoinunua. Yeye hununua neno.

Maneno yenyewe yana mipaka ya kisheria. Neno "duka la dawa muhimu" lina historia mahususi. Kabla yake kulikuwa na duka la dawa baridi, lililoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, ingawa mengi yaliuza zaidi ya hapo. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoani Ruvuma, kisha ukaenea nchini. Mtoa dawa hupewa mafunzo, jengo hukaguliwa, na duka huruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti pamoja na zile za kawaida. Haliruhusiwi kuchoma sindano wala kulaza mgonjwa. Kibao cha duka kama hilo kikitangaza "vipimo, sindano na ushauri wa daktari", kimevuka mipaka ya kibali chake, hata kama ada ya bango imelipwa hadi senti ya mwisho.

Hali ni hiyo hiyo kwa tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliunda baraza la kuwasajili waganga na vituo vyao, na katika halmashauri yupo mratibu anayeshughulikia maombi yao. Mganga aliyesajiliwa ana haki ya kutambulika. Lakini kujitambulisha ni jambo moja, na kuahidi kuponya kisukari, saratani na ugumba kwa siku saba ni jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipiga marufuku matangazo ya tiba asili katika vyombo vya habari kwa sababu ya ahadi za namna hiyo. Ahadi iliyofukuzwa redioni isipate makao juu ya bati la njia panda.

Lipo pia jambo la alama. Msalaba mwekundu juu ya weupe umechorwa katika milango mingi ya maduka ya dawa, kana kwamba ni alama ya tiba. Alama hiyo ilitokana na mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, na mikataba ya mwaka 1949 inailinda. Ni kinga ya huduma za tiba za majeshi vitani na nembo ya vyama vya Msalaba Mwekundu. Duka la mtu binafsi halina haki ya kuitumia, hata kwa nia njema.

Wilayani Kongwa madhara ya neno lisilo la kweli yanaweza kuonekana machoni mwa watu, kwa maana halisi ya usemi huo. Wilaya hii imechunguzwa na watafiti wa trakoma, ugonjwa wa vikope, tangu miaka ya 1980. Utafiti uliofanyika katika vijiji vyake na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata trakoma kali. Anayeambukizwa mara kwa mara tangu utotoni hupata makovu ndani ya kope. Miaka mingi baadaye kope hujikunja, nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Dawa ya matone haiwezi kuzinyoosha. Mtu huyo anahitaji upasuaji mdogo unaofanywa na mhudumu aliyefunzwa.

Sasa afikiriwe mama mzee wa kijijini ambaye jicho lake limefika hatua hiyo, naye amepelekwa na mjukuu wake mahali palipoandikwa "Tunatibu macho aina zote". Anauziwa chupa ya dawa, anarudi nyumbani, anasubiri. Mwezi mwingine anauziwa nyingine. Kila siku ya kusubiri ni siku ya kukwaruzwa, na kioo cha jicho kikishapata kovu jeupe, upasuaji wa kope hauwezi kumrudishia nuru iliyopotea. Hakuna aliyempiga wala kumwibia. Kibao tu kilimwelekeza kusiko.

Dawa ya tatizo hili haihitaji sheria mpya ya Bunge. Halmashauri ina wataalamu wote wanaotakiwa chini ya paa moja: afisa biashara, mwanasheria, mfamasia wa wilaya, maafisa afya na Mganga Mkuu wa Wilaya. Sheria ndogo ya mabango inaweza kutamka kwamba kibao chochote kinachotaja tiba, dawa au vipimo kisipewe kibali kabla idara ya afya haijalinganisha maneno yake na cheti cha usajili. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila ombi.

Mtoa huduma naye ana sehemu yake. Anapompokea mgonjwa aliyechelewa, aulize kwa upole alikuwa anatibiwa wapi na nini kilimvuta huko. Jibu hilo likiandikwa na kufikishwa kwa mfamasia wa wilaya au kwa mratibu wa tiba asili, hugeuka taarifa ya kufanyia kazi. Vibao vya vituo vya umma navyo visafishwe. Zahanati isiyoonyesha saa zake za kazi na huduma inazotoa humwachia jirani mwenye bango kubwa kuwajibu wagonjwa.

Kwa mgonjwa, kanuni ni fupi. Kibao cha nje humwita mtu, bali cheti cha ndani ndicho kinachomjibu. Aingiapo duka la dawa, maabara au zahanati, atazame ukutani: je, kuna cheti cha usajili, jina lake linafanana na lililo nje, na muda wake haujapita? Asiyejua kusoma aje na anayejua. Kuuliza si utovu wa adabu, maana vyeti hivyo vilitundikwa ili visomwe. Na pale ambapo mlango umefungwa kwa maswali, mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, ni mahali halali pa kulisema jambo hilo mbele ya mwenyekiti na mtendaji, likaandikwa katika muhtasari na kupelekwa wilayani.