Safi Faye: Mwalimu Aliyeifanya Kamera Kuwa Sikio

Wapo wanaodhani kwamba mtetezi wa haki za wanawake hana budi kupaza sauti: asimame jukwaani, ainue bango, alaani na kushutumu. Bila shaka ziko siku ambapo kelele zinahitajika. Hata hivyo, iko njia nyingine ya utetezi, ambayo aghalabu haitambuliwi kwa sababu haina mshindo. Ni njia ya kumkalisha kitako mwenye shida, kumpa nafasi aseme mwenyewe, na kuwalazimisha wengine wamsikilize. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Safi Faye, mtunzi wa filamu kutoka Senegal, aliyefariki Februari mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 79.

Huenda walimu wakafurahi kujua kwamba Faye alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Dakar mwaka 1943 katika ukoo wa Waserer, akasomea ualimu huko Rufisque, kisha akafundisha katika shule za msingi za Dakar. Mwaka 1966 mji huo ulipoandaa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi duniani, mwalimu huyu kijana alikutana na Jean Rouch, Mfaransa aliyekuwa amepata sifa kwa filamu zake kuhusu Afrika Magharibi. Rouch alimpa nafasi ya kuigiza. Lakini Faye hakutosheka kutazamwa, alitaka kutazama. Alikwenda Paris, akasomea elimu ya mila na desturi za jamii pamoja na ufundi wa filamu, na hatimaye akapata shahada ya udaktari.

Alipomaliza kujinoa, hakutafuta visa vya mbali. Alirudi Fad'jal, kijiji cha wazazi wake, na mwaka 1975 akatoa filamu iitwayo Kaddu Beykat, maana yake kwa lugha ya Kiwolof ikiwa sauti ya mkulima. Filamu hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ndefu iliyotungwa na mwanamke mzaliwa wa Afrika kusini mwa Sahara na kusambazwa katika majumba ya sinema. Imejengwa kama barua: twaisikia sauti ya Faye mwenyewe ikimwandikia rafiki habari za nyumbani. Kisa chake ni chepesi. Ngor anataka kumwoa Coumba, lakini mvua zimekuwa haba, mavuno ya njugu karanga ni duni, na mahari hayapatikani. Kijana anakwenda Dakar kusaka kibarua, ananyonywa, kisha anarudi kijijini.

Kisa hicho cha mapenzi ni chambo tu. Ndoano imo ndani. Ukulima wa njugu karanga kwa ajili ya soko la nje ulipaliliwa na wakoloni Wafaransa, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 serikali mpya iliuendeleza. Katika filamu, wanakijiji wenyewe wanaketi na kuhojiana: mbona twalima zao tusiloweza kushibia, nalo bei yake hupangwa na wengine? Mbona deni haliishi? Hakuna mtaalamu anayewasemea. Serikali ya Senegal ilizisikia hoja hizo vizuri mno, hata ikaipiga filamu marufuku. Wakati huohuo, huko Berlin mwaka 1976 wahakiki wa kimataifa waliituza. Basi wageni wakawasikia wakulima wa Fad'jal kabla ya wananchi wenzao kuruhusiwa kuwasikia. Msomaji na alitafakari jambo hilo.

Mwaka 1979 Faye alitoa filamu nyingine akaiita kwa jina la kijiji chenyewe. Mwanzoni mwa Fad'jal twaingizwa darasani, ambamo watoto wa Kiafrika wanakariri kwa Kifaransa sifa za Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Baadaye twawaona watoto wa kijiji wakiwa wamemzunguka mzee, anayewasimulia jinsi kijiji chao kilivyoanzishwa na nani aliyekianzisha. Mwandishi wa gazeti angeweza kujaza kurasa nzima akilaumu mitaala ya kikoloni. Faye aliviweka vikao hivyo viwili katika filamu moja, akatuachia hukumu. Ualimu wake haukupotea. Ulihamia kwenye kamera.

Kuhusu wanawake hasa, filamu iliyo wazi zaidi ni ile fupi ya mapema miaka ya 1980 kumhusu Selbé, mama wa watoto wanane. Mumewe ameondoka kwenda kutafuta kazi, na mzigo wote wa nyumba umemwangukia yeye. Kazi moja haijaisha, nyingine imeanza. Huku mikono ikishughulika, Selbé anazungumza na Faye kama mwanamke anavyozungumza na mwenzake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa aliyekilalia ndiye anayesema. Wataalamu wa uchumi wanapojumlisha pato la taifa, kazi za aina hii za nyumbani zisizolipwa hawazitii katika hesabu. Kwa muda wa nusu saa hivi, Faye alizitia. Hakumpamba Selbé ili awe shujaa, wala hakumfanya kitu cha kuhurumiwa. Alionyesha kazi, muda inaochukua na mtu anayeifanya.

Kisha ikaja Mossane. Faye aliipiga picha mwaka 1990, lakini mizozo na mtayarishaji wa Ufaransa iliichelewesha hadi mwaka 1996. Mossane ni msichana wa miaka 14 aliyejaliwa uzuri wa ajabu. Anampenda Fara, mwanafunzi wa chuo kikuu asiye na mali, ilhali wazazi wamekwisha kumwahidi kwa mwanamume mwenye uwezo anayeishi Ufaransa. Siku ya harusi anakataa mbele ya kadamnasi. Anatoroka, na mwisho wake ni mtoni. Ikumbukwe kwamba Kanuni ya Familia ya Senegal ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kuweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa msichana kuolewa. Sheria ilikuwapo, lakini iliandikwa kwenye karatasi. Mahari yalikuwa mkononi.

Linalostahili kuangaliwa sana ni kwamba anayeishikilia ndoa hiyo kwa nguvu ni mama yake Mossane, wala si katili. Ni mzazi aliyechoshwa na ufukara, anayeamini kwamba anamwokoa mwanawe. Mtunzi mwenye haraka angetupa adui wa kumzomea. Faye anatunyima raha hiyo, na kwa kutunyima anatufikisha kwenye chimbuko la dhuluma: umaskini ulioshikana mikono na desturi, vikipitia kwa watu wanaotupenda. Wale wanaodai kwamba utetezi wa wanawake ni mawazo ya kuletwa na meli wangefaa kuitazama filamu hii, ambayo watu wake, lugha yake na imani zake zote ni za Waserer.

Hapa kwetu, Anne Mungai alifuata njia ya jirani. Filamu yake Saikati, ya mwaka 1992, inamhusu msichana wa Kimasai anayeikimbia ndoa aliyopangiwa ili asiache masomo, naye akifika Nairobi akakuta mitego ya aina nyingine. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18. Mwalimu yeyote ambaye daftari lake la mahudhurio limewahi kubaki na jina la msichana asiyerudi baada ya likizo anajua kwamba umbali kati ya sheria na boma haujakwisha.

Shule zetu zina tamasha za kitaifa za drama na filamu, na wanafunzi hupenda kutunga visa kuhusu ndoa za mapema na mimba za utotoni. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi visa hivyo huishia kwa hotuba ya chifu, na msichana mwenyewe hasemi lolote ila kulia. Kabla ya kuandika mchezo, wanafunzi na waende kwanza kwa mama auzaye mboga, kwa dada aliyeacha shule, wawasikilize bila kuwakatiza. Na filamu ikimalizika, watazamaji wa kwanza wasiwe majaji. Wawe ni wale waliotoa sauti zao. Wakulima wa Fad'jal walinyimwa haki hiyo na serikali yao. Sisi tusiwanyime watu wetu kwa uzembe.