Kwa Nini Umeme wa Jua na Upepo Si wa Bure? Funzo Kutoka Lamu



Wanafunzi wetu wakubwa huuliza: "Ustadh, jua ni la bure, upepo ni wa bure, na maji ya mto pia. Mbona tokeni za stima zinaisha haraka hivi?" Swali hili ni zuri, na wazazi wengi pia wanalo moyoni. Katika makala hii tutaeleza umeme wetu unatoka wapi, gharama yake inapangwa vipi, na kwa nini mkataba uliokaribia kutufunga miaka 25 pale Lamu ni somo ambalo kila nyumba ya Pwani inafaa kulijua.

UMEME WETU UNATOKA WAPI?

Umeme safi ni ule unaozalishwa bila kutoa, au kwa kutoa kidogo sana, ile hewa ya ukaa inayozidisha joto la dunia. Nchi nyingi tajiri bado zinahangaika kuacha makaa ya mawe na gesi. Kenya, kwa upande huu, imetangulia. Karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme tunaotumia hazitokani na kuchoma mafuta.

Sehemu kubwa zaidi ni ya mvuke unaotoka ardhini huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Baada yake ni maji ya mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Huu ni mto ule ule unaomwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Kisha kuna upepo wa Turkana na Ngong, jua la Garissa na Malindi, na umeme tunaoununua kutoka Ethiopia tangu mwaka 2022. Mafuta mazito yanayochomwa Kipevu na Rabai, hapa kwetu, ni sehemu ndogo iliyobaki.

Tulifika hapa kwa kusukumwa na shida. Zamani tulitegemea mabwawa zaidi. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulipoyakausha, nchi nzima iliingia katika mgao wa umeme, viwanda vikasimama na maduka yakafanya kazi gizani. Serikali ikakodisha jenereta za dizeli kwa dharura, na bili zikapanda. Ndipo ikaonekana wazi kuwa mvuke wa ardhini, usiojua ukame wala bei ya mafuta ya dunia, ni akiba ya kuwekewa fedha.

GHARAMA ZA AINA MBILI

Kila mtambo wa umeme una gharama ya kuujenga na gharama ya kuuendesha.

Jenereta ya dizeli ni rahisi kuinunua, lakini inakula mafuta kila saa. Mtambo wa upepo, jua au mvuke ni kinyume chake. Ukishajengwa, chakula chake ni cha bure, lakini kuujenga ni kazi nzito. Pale Olkaria kisima kimoja huchimbwa kwenda chini kilomita mbili hadi tatu, hugharimu mamilioni ya dola, na baada ya yote hayo huenda kisitoe mvuke wa kutosha. Hii ndiyo sababu mwaka 2008 serikali iliunda shirika maalumu la kuchimba visima hivyo, ili hasara ya kisima kikavu isimtishe kila mwekezaji.

Basi gharama karibu yote ya umeme safi inatakiwa mwanzoni, na fedha hizo hukopwa. Wakopeshaji wa dunia hudai riba, na hukumu yake mnaijua kutoka darasani. Hapa tunaeleza tu jinsi mambo yanavyokwenda. Mkopo ukiwa wa masharti nafuu, umeme huo huwa rahisi kwa miaka mingi. Mkopo ukiwa mgumu, hata upepo wa bure huzaa stima ghali. Kwa hivyo, anayenunua umeme wa jua hailipii miale ya jua. Analipia vioo, nguzo, nyaya na deni.

BEI NA IJARA

Wanafunzi wa darasa la fiqhi wamesoma tofauti ya bei na ijara. Katika bei unalipia kitu unachokichukua. Katika ijara unalipia haki ya kutumia kitu kwa muda mliokubaliana. Ukikodi basi la kupeleka bibi harusi Kilifi, nalo likaja tayari kwa saa mliyoagana, mwenye basi anadai kodi yake hata kama nusu ya viti vimekwenda vitupu.

Mikataba mingi ya umeme imechanganya mambo haya mawili. Kuna malipo ya kila yuniti inayozalishwa, hiyo ni kama bei. Na kuna malipo ya mtambo kukaa tayari, uwashwe au usiwashwe, hiyo ni kama ijara. Mwekezaji huyataka malipo haya ya pili kwa sababu benki yake haitamkopesha bila hayo. Jambo hilo peke yake si dhuluma. Hatari inakuja pale nchi inapokodi basi kubwa kuliko abiria iliyo nao, kwa muda wa miaka 25.

HESABU YA LAMU

Sasa tuje Kwasasi, bara ya Lamu. Hapo palipangwa kujengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2, na makaa yenyewe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini kwanza. Kibali cha mazingira kilitolewa mwaka 2016. Wananchi waliambiwa umeme huo utakuwa wa rahisi, senti 7 na kitu za Marekani kwa yuniti.

Lakini tazama ukubwa wa basi hili. Mwaka 2019 mahitaji ya Kenya nzima, katika saa yenye matumizi makubwa kabisa, yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000. Usiku wa manane yalishuka hadi karibu nusu ya hapo. Mtambo mmoja tu ungetosha zaidi ya nusu ya nchi, wakati Olkaria, Turkana na mabwawa tayari yapo na yanadai nafasi.

Wachambuzi waliousoma mkataba walikadiria kuwa malipo ya kukaa tayari peke yake yangefika dola milioni 360 kila mwaka, yaani dola bilioni 9 kwa miaka 25. Tufanye hesabu pamoja. Ili iwe nyepesi, tuchukue megawati 1,000 kamili. Mwaka una saa 8,760. Mtambo ukifanya kazi bila kupumzika, utatoa yuniti bilioni 8.76. Gawanya dola milioni 360 kwa yuniti hizo, na kila yuniti itabeba takriban senti 4. Mtambo ukifanya kazi nusu tu, kila yuniti itabeba senti 8. Ukifanya kazi robo, itabeba senti 16, na bado hatujanunua makaa. Ahadi ya senti 7 ingesimama tu kama mtambo ungepata kazi mchana na usiku, na abiria hao hawakuwepo.

Zaidi ya bili kulikuwa na bahari. Wavuvi waliogopa maji ya moto yatakayorudishwa kwenye ghuba, majivu yatakayorundikwa karibu na mikoko, na moshi juu ya mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Wananchi wa Lamu, chini ya jumuiya ya Save Lamu, walipeleka shauri lao mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo lilifuta kibali. Lilisema wananchi hawakushirikishwa inavyopasa, na kwamba uchunguzi wa athari za mazingira ulikuwa na kasoro. Mwaka uo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haitaufadhili mradi huo, na mwaka 2020 benki kubwa ya China iliyotarajiwa kuugharamia nayo ikajitoa.

Mkataba wa miaka 25 ni kitu gani? Mtoto wa miaka kumi aliyeketi katika darasa letu siku ile angemaliza kuulipia akiwa na miaka thelathini na mitano, mwenye watoto wake mwenyewe. Hakuulizwa, wala hakuwa na umri wa kuulizwa. Waliosimama kizimbani Lamu walisema pia kwa niaba yake.

UMEME SAFI NAO UNA MITEGO YAKE

Tusidhani kwamba mkataba mbaya ni wa makaa tu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulikamilika mwanzoni mwa mwaka 2017. Lakini nyaya za kuuleta umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, zilikuwa hazijamalizika hadi Septemba 2018. Mapanga yalisimama, na mkataba ukadai fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeuona. Fidia hiyo iliishia katika bili zetu. Upepo haukuwa na kosa; waliopanga hawakuhakikisha kwamba njia na mtambo vinakamilika pamoja.

Kuna pia suala la wakati. Kenya hutumia umeme mwingi zaidi baada ya Magharibi, tunapowasha taa, televisheni na feni kwa pamoja. Saa hiyo jua limeshazama. Usiku wa manane, kinyume chake, mvuke mwingine wa Olkaria huachwa utoke hewani kwa kukosa mnunuzi. Mpaka tuwe na betri kubwa za kuhifadhi, au viwanda vinavyofanya kazi usiku, mafuta ya Kipevu na Rabai yataendelea kuitwa jioni, na mvuke utaendelea kupotea alfajiri.

Hatimaye kuna uvujaji. Zaidi ya sehemu moja kwa tano ya umeme unaonunuliwa na msambazaji hupotea njiani, kwa nyaya zilizochakaa na kwa wizi. Anayejiunganishia stima kwa waya wa dirishani asidhani anaiibia serikali. Sehemu ya mzigo wake huangukia jirani yake anayenunua tokeni.

TUSOME RISITI ZETU

Ukinunua tokeni, usitupe risiti wala usifute ujumbe. Utaona gharama ya mafuta. Hii hupanda ukame unapopunguza maji ya mabwawa na jenereta kuwashwa. Utaona pia marekebisho ya fedha za kigeni, kwa sababu mikopo na mikataba mingi iko katika dola na yuro. Shilingi iliposhuka mwaka 2023 hadi kukaribia 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, bili zilipanda hata kwa asiyeongeza balbu moja. Humo pia mna ushuru na ada.

Serikali yenyewe ilikiri kuna tatizo. Mwaka 2021 iliunda kamati ya kuichunguza mikataba ya umeme, na Januari 2022 bei zikapunguzwa kwa asilimia 15. Lakini Aprili 2023 zikapandishwa tena. Bei iliyofungwa kwa mkataba wa miaka mingi haifunguki kwa tangazo la siku moja.

Basi ukisikia mradi mpya wa umeme unaletwa, uwe wa jua, upepo, gesi au hata nyuklia, na mkaitwa barazani kutoa maoni, nendeni. Katiba ya mwaka 2010 imewapa haki hiyo. Ulizeni maswali manne. Tutalipa hata tusipoutumia? Mafuta yakipanda au shilingi ikishuka, nani atabeba? Nyaya zitakuwa tayari lini? Na je, tunaweza kuusoma mkataba?

MASWALI YA WANAFUNZI

1. Eleza kwa mfano wako tofauti kati ya malipo ya yuniti na malipo ya kukaa tayari.
2. Rudia hesabu ya Lamu, mtambo ukifanya kazi theluthi moja tu ya mwaka. Kila yuniti itabeba senti ngapi?
3. Pamoja na mzazi wako, chukua risiti moja ya tokeni. Katika kila shilingi 100, ni ngapi zimekwenda kwa umeme wenyewe?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa darasa. Wabillahi tawfiq.