Pochi Makumbusho, Kidole Maskati (Sehemu ya Pili)

Shemeji yangu aligundua kuwa amechomolewa akiwa stendi ya Bagamoyo, anatafuta nauli ya gari la pili la kwenda Makurunge. Zipu ya mkoba ilikuwa wazi kidogo tu, upana wa vidole viwili. Kule Makumbusho alikopandia, abiria walikuwa wanagombania mlango, na aliyembana ubavuni hamkumbuki hata sura.

Fedha taslimu ilikuwa elfu kumi na nane. Hiyo aliilia siku ileile, yakaisha. Kilichotuhangaisha ni vile vingine: kitambulisho chake cha NIDA, kadi ya benki ya mumewe, ambaye ni mdogo wangu na yuko Maskati, kikaratasi chenye namba ya siri ya kadi hiyo, kingine chenye namba ya mume inayoanza na 968, na ndani ya kimfuko cha nailoni cha vidonge, laini ya mume ya hapa nyumbani. Laini hiyo ndiyo benki huipelekea ujumbe kila fedha inapotoka. Shemeji alikuwa akiichomeka kwenye kiswaswadu mwisho wa mwezi, akishasoma anaichomoa.

Wiki iliyopita nilieleza njia ambazo riali hupita hadi kuwa shilingi mkononi mwa wakala wa hapa kwetu. Leo naifuata fedha hiyo ikishafika, pale mwenye nayo yuko mbali na mtunzaji ameibiwa. Nimeruhusiwa kusimulia kisa cha nyumbani, benki sitaitaja.

Kadi, namba ya siri na laini ya kupokea taarifa vyote vilikuwa vimelala pochi moja. Mwizi alipewa nyumba, ufunguo na mbwa mlinzi. Usiku ule zilitoka laki nne kwa mikupuo miwili, na ujumbe wa benki ukaenda kwenye laini ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo. Mdogo wangu hakuona chochote. Shemeji naye alinyamaza siku mbili. Alisema hakutaka kumtia presha mtu aliye kazini ugenini. Mimi nadhani aliogopa pia kuambiwa "si nilikwambia," na simlaumu, maana wengi wetu tungenyamaza vilevile. Lakini ukimya wa usiku ule wa kwanza ndio uliokula akaunti.

Alichofanya kwanza ni kwenda polisi kuandikisha. Taarifa ya polisi huhitajika unapoomba kitambulisho kipya, tena siku hizi hata taarifa ya upotevu inaweza kujazwa kwenye mtandao wa polisi. Ila polisi hawafungi kadi. Simu ya kwanza ilipaswa kwenda Maskati, kutoka palepale stendi. Oman iko mbele yetu saa moja tu. Ikiwa Bagamoyo ni saa tisa alasiri, kule ni saa kumi, mtu yuko macho.

Kwa nini lazima aanze yeye? Kwa sababu benki humsikiliza mwenye akaunti. Siku ya tatu tulipofika dirishani, dada wa huduma alimtazama shemeji kwa huruma, akamuuliza jina lililo kwenye kadi, kisha akasema, "Mama, huyu mwenyewe ndiye apige." Shemeji alitoka analia. Nilikasirika pale kaunta, nikapoa baadaye: benki ikifunga akaunti kwa ombi la kila anayejiita mke, na talaka tulizonazo, itakuwa vurugu. Na lile suala la namba ya siri kuandikwa na kupewa mtu, hata kama ni mke wa ndoa, limetuvunjia hoja yote ya kudai laki nne. Masharti ya kadi yanakataza, nasi tulikuwa tumeyatia saini.

Mdogo wangu akapiga. Namba 100 ya huduma kwa wateja wa mitandao ya simu tunayoibonyeza huku haimfikii mtu aliye kwenye mtandao wa Oman, lazima apate namba ndefu yenye 255. Ya benki huchapwa nyuma ya kadi, na kadi ameondoka nayo kibaka. Tukazitafuta namba zote mbili, tukamtumia. Sasa nimeziandika kwenye jalada la daftari la mauzo ya korosho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na kadi wala laini.

Kadi ilifungwa kwa dakika chache. Laini nayo ilifungwa, baada ya kuulizwa namba ya NIDA na namba alizopigia mara ya mwisho. Hapo ndipo tulipogonga ukuta. Kufunga laini kwa simu kunawezekana. Kuirudisha kunataka kidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na ambao hawakusajili walianza kufungiwa baada ya 20 Januari 2020. Sheria ina sababu zake. Ila kidole cha mdogo wangu kiko Maskati, na hakuna basi linalobeba kidole. Mtoro bin Mwinyi Bakari wetu wa Bagamoyo alipokwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, hakuna ofisi ya huku iliyomngoja arudi aweke dole gumba.

Kwa hiyo msafiri ambaye hajaondoka bado na amalize haya akiwa huku. Kadi yake aende nayo au aikate kwa mkasi. Matumizi ya nyumbani yatumwe kwenye laini ya mke iliyosajiliwa kwa jina la mke. Kama kuna akaunti ambayo lazima mke aiendeshe, benki zina fomu za kumwidhinisha mtu wa pili, naye apewe kadi yake na namba yake ya siri. Aliyekwisha kuondoka anaweza kuandikisha hati ya uwakilishi kupitia ubalozi wetu Maskati. Taarifa za benki ziende kwenye simu ambayo mwenyewe anaishika kila siku.

Kitambulisho cha shemeji kilikuwa jambo jepesi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na namba haipotei kwa kupotea kadi. Nilimfanya abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Zilikuwa tatu. Mbili ni zake. Ya tatu haijui, na si ya mwizi huyu kabisa, kwani kadi peke yake bila kidole haisajili laini, ilitokana na wakala fulani aliyemwambia zamani "bonyeza tena, mama, haijasoma." Tuliikana dukani kwa mtandao husika. Laini za namna hiyo ndizo zinazoandika "ile pesa tuma kwenye namba hii," na ujumbe wa aina hiyo hupelekwa 15040.

Siku ya tano mtu alimpigia mdogo wangu kwa WhatsApp. Akamtaja mkewe majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, akasema amegongwa na bodaboda barabara ya Msata, hospitali inataka hela ya upasuaji. Ningekuwa mimi ningetuma. Yeye akauliza, "Aligongewa wapi, pale kwenye mwembe wetu?" Yule bwana akajibu bila kusita, "Eeh, hapohapo kwenye mwembe."

Hatuna mwembe. Tuna mikorosho.

Kitambulisho kilirudi chenyewe. Kiliokotwa mtaroni Bunju, kikapewa konda wa gari la Bagamoyo, kikapita mikono minne hadi kwa mtendaji wetu, na aliyekileta aliomba soda tu. Laini bado imefungwa. Mdogo wangu anakuja Shaaban, na ameshatuambia tusimpikie mchana: akishuka atapitia kwanza dukani kwa mtandao kuweka kidole.