Je, Wajua? Bunduki Inayolala Njaa

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu yangu, leo nina mambo! Je, wajua kwamba shotigani ya nusu-otomatiki hujilisha kwa nguvu ya risasi yake yenyewe? Ukifyatua, sehemu ya nguvu ile hutupa ganda tupu nje na kupandisha risasi nyingine. Ukiipa risasi nyepesi, mlio utausikia vizuri tu, kisha ganda huenda likabanwa mlangoni. Mara nyingi haijaharibika. Ina njaa!

Na ile 12 ya kalibre 12, unadhani ni milimita? Hata! Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, gramu 454, uigawe mafungu 12 sawasawa. Viringisha fungu moja liwe goroli: ndiyo saizi ya mtutu, kama milimita 18.5. Waingereza wana jina moja la madini na jingine la kinachofyatuliwa. Sisi vyote tunaviita risasi, na hapa tumewashinda.

Nyepesi ni nyepesi kiasi gani? Wanaolenga visahani vya udongo kwenye Olimpiki wanaruhusiwa goroli za jumla ya gramu 24 tu katika kila risasi. Risasi nzito ya kuwindia huweza kubeba zaidi ya gramu 50! Mtutu wenye chemba ndefu, yaani pale risasi inapokaa, hupokea zote mbili, halafu tunashangaa mashine ikigoma.

Sasa sikia hili. Mmarekani John Browning alipata hataza ya shotigani ya namna hii mwaka 1900. Januari 1902 alikwenda kumwonyesha mkuu wa kampuni ya bunduki ya Remington, Marcellus Hartley. Akiwa bado anangoja, akaambiwa mzee amefariki kwa mshtuko wa moyo. Browning akapanda meli hadi Ubelgiji, na kiwanda cha FN pale Herstal kikaiunda. Ndiyo Auto-5, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 2!

Ukiifungua Auto-5 kwa mbele (ikiwa tupu, tafadhali, chemba umeitazama mara mbili), utakuta springi nene imezunguka bomba la kuwekea risasi, na kwenye bomba hilohilo kuna pete ya chuma. Pete ikikaa mbele ya springi, inabana breki inayozuia mtutu usirudi nyuma kwa kasi: hapo ni kwa risasi nzito. Ihamishie nyuma ya springi, mtutu unarudi kwa wepesi na risasi nyepesi zinakubali. Pete moja! Ni watu wangapi wameitukana bunduki nzima kwa sababu ya pete iliyokaa upande usio wake?

Remington 1100, ya mwaka 1963, hutumia gasi inayopenya kwenye vitundu vya mtutu. Vitundu vikizibwa na masizi, inagoma. Na kuna kipete cha mpira mle ndani, chembamba kuliko kamba ya kiatu: kikikatika tu, bunduki nzima inakosa pumzi.

Benelli ya Italia ndiyo inayonifurahisha kupita zote. Aina zake nyingi hazina vitundu vya gasi. Zinategemea bunduki yenyewe irudi nyuma kidogo ili springi iliyo ndani ya bolti ikazwe. Egemeza kitako chake ukutani, bunduki isiweze kurudi, na huenda ikashindwa kupandisha risasi ya pili. Ukuta umeila nguvu yote!

Oili nayo? Nyingi ni adui. Vumbi la hapa Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi Uganda, wakati wa kiangazi likikutana na oili linageuka uji, na uji huo hula nguvu ndogo iliyobaki. Muulize fundi yeyote wa bodaboda hapa Base Camp mnyororo uliozidishiwa oili unafananaje baada ya safari moja ya Mbarara.

Na je, wajua ni shotigani ipi haijali risasi nyepesi wala nzito? Ni ile ya pampu, ambayo baadhi ya walinzi huibeba mlangoni mwa maduka. Pale kazi ya kulisha inafanywa na mkono wa mtu, si risasi. Mojawapo ya pampu mashuhuri kuliko zote ni Winchester ya mwaka 1897, na aliyeibuni, shika benchi vizuri, ni Browning huyohuyo!