Mwanafunzi, Mizani na Daftari: Kuzuia Uchafuzi Kabla Haujafika Mtoni

Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza ninyi wajumbe wa kamati za sharika, pamoja na wafadhili wetu, jambo lisilohitaji fedha nyingi: kumpokea mwanafunzi wa chuo anayekuja kwa mafunzo ya vitendo, kumpeleka kwenye karakana, hoteli, machinjio au mashine ya kusaga, na kumpa kazi moja tu ya kutafuta ni wapi biashara hiyo inamwaga mali yake.

Nianze na mto Mara. Mwezi Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu ambavyo vikioza humaliza oksijeni iliyomo majini. Wengi hawakuridhika na jibu hilo, na sina nia ya kuyafufua mabishano hayo hapa. Ila uchafu ukishafika mtoni, kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole. Hata faini huja nyuma. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara kule Tarime faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji kutoka bwawa la mabaki ya mgodi. Faini ilipoandikwa, maji yalikuwa yamekwisha kuvuja.

Njia ya kutangulia mbele ya tatizo huitwa uzalishaji safi. Hapa nchini ina kituo chake tangu mwaka 1995, Kituo cha Uzalishaji Safi Tanzania, kilichoanzishwa kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNIDO na UNEP. Msingi wake ni rahisi. Taka ni kitu ulichokinunua, ukakibeba, ukakilipia kazi, kisha ukakitupa. Kwa hiyo mwenye biashara haulizwi kwanza amechafua kiasi gani, bali amepoteza kiasi gani. Swali hilo la pili watu hulijibu kwa moyo mweupe zaidi.

Na wanafunzi wanaingiaje? Katika jimbo la Minnesota huko Marekani (ambalo baadhi ya wafadhili wetu wanalifahamu kuliko mimi), kitengo kimoja cha Chuo Kikuu cha Minnesota kimekuwa kikipeleka wanafunzi kwenye viwanda wakati wa likizo tangu miaka ya 1980. Kila mwanafunzi hupewa tatizo moja, kwa mfano maji yanayopotea au kemikali inayotupwa, naye hupima, huhesabu, na kumwachia mwenye kiwanda mapendekezo yenye gharama na faida yake. Kitengo hicho si askari wa mazingira. Hutoa ushauri, na uamuzi hubaki kwa mwenye mali. Nadhani hapo ndipo penye siri ya kufaulu kwake.

Kwetu Manchira hatuna viwanda vikubwa, na ndiyo maana wengine hudhani habari hizi haziwahusu. Lakini maji ya bwawa la Manchira ndiyo yanayotegemewa na mji wa Mugumu. Bomba la hoteli linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima. Wakati huohuo kuna mama anayetembea na ndoo kama hiyo kichwani.

Machinjio ni mfano mzuri zaidi. Desturi yetu ni kuchinja, kupasua tumbo, kisha kusukuma kila kitu kwa maji hadi mferejini: damu, mavi ya utumboni, vipande vya mafuta. Mwanafunzi mwenye mizani na ndoo anaweza kupima kwa wiki mbili ni maji kiasi gani yanatumika kwa kila ng'ombe, na ni kilo ngapi zinazokwenda mferejini. Halafu anajaribu utaratibu mwingine: damu ikingwe kwenye chombo, mavi yazolewe makavu kwa koleo kabla ya kugusa maji, sakafu ifagiliwe, ndipo ioshwe. Maji yanayotumika hupungua. Yanayotoka huwa na uchafu kidogo, na mavi yaliyozolewa hufaa kwa mboji au mtambo wa gesi ya samadi. Hakuna mashine iliyonunuliwa hapo. Limebadilika pangilio la kazi tu.

Kwenye karakana ni oili chafu: beseni la kukingia, pipa lenye kifuniko, na daftari la kuandika lita zilizotoka. Kwa wachimbaji wadogo wa Tarime ni zebaki. Wanaponasa dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwenye moto wa wazi, mvuke wake huingia mapafuni mwao na mwa watoto walio jirani. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea, huurudisha sehemu kubwa ya mvuke huo kuwa zebaki inayotumika tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na lengo ni kuachana nayo. Kazi ya mwanafunzi hapa iwe kuandika na kuhesabu tu, asichome kamwe.

Ugumu upo. Niliwahi kumpeleka kijana mahali fulani, akarudi baada ya wiki nane akiwa mtaalamu wa kupiga fotokopi na kuchemsha chai. Kosa lilikuwa langu, kwani sikukubaliana na mwenyeji kazi iwe ipi. Wenye biashara nao huogopa kwamba takwimu zao zitafika kwa watu wa kodi. Lazima waahidiwe kwa maandishi kwamba daftari ni lao. Tena mwanafunzi huondoka. Asipokuwepo mfanyakazi mmoja aliyepima pamoja naye tangu siku ya kwanza, koleo litarudi stoo na maji yatarudi mferejini.

Kamati ya usharika inaweza kutoa chumba na chakula. Wanafunzi wenye mkopo wa serikali huweza kupata fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si wote wenye mkopo, na nauli ya kuja Mugumu si ndogo. Tunashauri kamati zianze na mali za sharika zenyewe, yaani hosteli, kantini na mashine za kusaga, kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Wanafunzi wengi huja kuanzia mwezi Julai, hivyo barua kwa vyuo ziandikwe miezi kadhaa kabla, zikitaja biashara, tatizo moja la kupimwa, na jina la mfanyakazi atakayepima pamoja na mwanafunzi.